Umeme ulivyonihamisha Bash

Lubumbashi umeme haupigi hodi ukitaka kuondoka. Jioni ile nilikuwa Kampemba, kwenye duka ninalotunzia kompyuta, na nilikuwa nimekaa karibu nusu saa nikitunga amri moja ya rsync, programu ya kunakili faili: folda hizi ziende kwenye diski ya nje, zile ziachwe, faili za muda zirukwe. Nikabonyeza Enter, majina ya faili yakaanza kupita. Mara giza.

Uliporudi nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kubonyeza mshale wa juu unaorudisha amri zilizopita. Ikaja amri ya juzi. Yangu haipo. Kumbe Bash, sheli yangu, yaani programu inayopokea amri ninazoandika, huweka amri za kikao kwenye memori, na kuziandika kwenye faili la .bash_history pale unapotoka kwa heri. Ukikatiwa umeme hujatoka, umetolewa.

Nikaongeza PROMPT_COMMAND='history -a' kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya Bash, nikadhani nimemaliza. Lakini agizo hilo hufanya kazi amri ikishakwisha, sheli inapojiandaa kupokea nyingine. Kazi ya saa mbili haiandikwi mpaka saa mbili ziishe, na ndefu kama hizo ndizo umeme unazikuta katikati!

Nikajaribu Zsh, sheli nyingine. Bila kuwekewa HISTFILE (faili la historia) na SAVEHIST (idadi ya amri za kuhifadhi) haihifadhi kitu, ila ukiiongezea setopt INC_APPEND_HISTORY inaandika mara tu ubonyezapo Enter. Ilinifaa, ila kila siku nilikuwa na mpangilio mwingine wa kurekebisha. Yaya mmoja, mkubwa wangu wa kazini, akaniambia, "Weka Fish, petit, uache kujitesa."

Fish, nayo ni sheli, huandika papo hapo bila kuambiwa. Ila kilichoninasa ni namna ya kuhariri. Kibodi zetu ni AZERTY: nukta inataka Shift, mkwaju (/) unataka Shift, alama ya bomba (|) ni AltGr na 6. Kuandika njia ndefu ya folda ni kuvitesa vidole. Fish inanionyesha kwa kijivu mwendelezo wa amri niliyowahi kuandika, nabonyeza mshale wa kulia, basi. Nikishika Alt na mshale huohuo inachukua neno moja moja. Jina la amri nikilikosea linakuwa jekundu kabla sijabonyeza Enter. Ctrl-W nayo inafuta kipande kimoja cha njia; kwenye Bash inameza njia nzima mpaka kwenye nafasi, labda ukumbuke Alt na Backspace.

Seva nimeziacha na Bash. Skripti zote ziko kwa lugha yake, na Fish ukiiandikia JINA=thamani peke yake, kulipa jina thamani, inakataa, inataka set. Anayezoea kunakili amri za watu na kuzibandika ajiandae.

Kijivu hicho kimeniponza mara moja. Nilitaka kunakili tu, mshale na Enter vikafuatana kwa mazoea, na pendekezo lilikuwa na --delete mwishoni, agizo la kufuta kule kinakopelekwa chochote kisichopo huku kinakotoka. Faili za zamani, zilizokuwa zimebaki kwenye diski ya nje peke yake, zikafutika mbele ya macho yangu. Siku hizi amri yoyote yenye neno hilo naianza kwa nafasi moja tupu, na Fish haiiweki kwenye historia.