Kahawa ya sufuria bila machicha mdomoni, hatimaye!

Wale tusio na mashine, hii imenikubali. Kahawa yangu ilikuwa chungu afu kila funda machicha kwenye meno, nikajaribu chujio la chai unga unapita tu, nikapunguza kahawa ikawa majimaji. Kilichosaidia: maji yakichemka epua, ngoja kama nusu dakika ndo utie kahawa iliyosagwa chengachenga, koroga, funika dakika 4. Sasa hapa ndo penyewe, ukifunua utakuta utando wa unga umeelea juu, usimimine bado, uvunje taratibu na kijiko ili uzame, subiri tena dakika 2 au 3 halafu mimina polepole, ya chini kabisa iache. Usirudishe jikoni, ikichemka uchungu unarudi. Tangawizi mi natia kwenye maji mwanzoni.