Eti sipendi maua

"Yeye hapendi maua."

Baba Salma aliyasema hayo Jumamosi asubuhi, mbele ya mwanamke tuliyekutana naye siku hiyo hiyo, na leo Jumatano bado yananirudia nikijaza hati kazini, nikikatakata kitunguu, hata kwenye sijida ya Isha, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Wiki yenyewe ilikuwa na mengi makubwa. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, alhamdulillahi, shemeji wa Bombo kapata mapacha, na mama mkwe ametoka hospitali. Lakini kila nikianza kuandika hayo, narudi kulekule.

Wifi na wanawe wako hapa Uganda kutoka Leicester, Uingereza. Kwao ni likizo ya kiangazi, kwetu watoto wamefunga muhula wa pili, basi tukasema tuwatoe mjini wakaone mashamba: maua upande wa Mukono, kisha mananasi Kangulumira. Shamba la maua niliomba mimi. Kazi yangu mnaijua: mwaka wa sita huu napitisha makatoni ya waridi uwanja wa Entebbe, uzito, cheti cha afya ya mimea, namba ya ndege, usiku yanakwenda zake Uholanzi. Waridi likiwa bado mtini nilikuwa sijaliona hata siku moja.

Tulikanyaga dawa ya kuua vimelea mlangoni, tukaingia kwenye banda la nailoni, joto likatupokea usoni. Msimamizi akatueleza kwa nini waridi la huku kichwa chake ni kidogo kuliko la Naivasha, Kenya: kandokando ya Ziwa Viktoria tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Naivasha iko karibu mita 1,900, na ule ubaridi wa juu ndio unaolikuza ua polepole likanenepa. La kwetu hukomaa upesi. Akafunua tumba moja kwa ncha ya kucha, petali baada ya petali, kutuonyesha wanavyomtafuta kiwavi wa nondo ambaye Ulaya imekaza masharti juu yake tangu Aprili 2025. Karatasi za kiwavi huyo nazishika kila siku. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakanitangulia.

Nikawakuta banda la kufungashia. Wanawake wamesimama mezani, wanapima vikonyo kwa mistari iliyochorwa juu ya meza, wanafunga ishirini ishirini. Mmoja, kidole gumba chake kimefungwa plasta, alisikia Kiswahili chetu akafurahi. Yeye ni wa Yumbe. Aliviringisha karatasi ngumu kuzunguka vichwa vya maua bila hata kuyatazama, akaniuliza:

"Dada, huyu bwana wako huwa anakuletea?"

Nikafungua mdomo. Baba Salma akawahi, huku anacheka: "Huyu? Yeye hapendi maua."

Yule dada akanitazama. "Aa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Angesema hana pesa, ningecheka naye. Angesema amesahau, pia sawa. Lakini hapendi! Alisema vile mtu anavyosema huyu hali pilipili, jambo linalojulikana, halina mjadala. Nani kamwambia? Mimi niliyelelewa Tanga, mama amepanda asumini pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, jioni tunazichuma na kuzitunga, nalala kikuba kiko chini ya mto? Na ile "Aa" ya yule dada, kama ameelewa kitu juu yangu ambacho si kweli, na mimi nikakiacha kipite.

Kalagi, Nagalama, mpaka Kayunga sikusema neno. Akaniuliza kama gari linanichafua roho. Nikasema hapana.

Kangulumira mzee mwenye shamba alituchukulia kama wanawe. Alituonyesha machipukizi yanayopandwa, akasema ukipanda leo ujipe mwaka mmoja na nusu hivi ndipo ule. Kisha akainama kwenye mche wenye nanasi changa, jekundu, halijafika ngumi, limezungukwa na vijiua vya zambarau vidogo kama punje ya mchele. Kila jicho mnaloliona kwenye nanasi, akasema, lilikuwa ua. Na kila ua hufunguka siku moja tu. Baba Salma akachuchumaa na Salma wakaanza kuyahesabu. Akageuka akaniita, "Mama Salma, njoo uone maua yako haya. Haya yanaliwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Februari 2014, chumba kimoja Kawempe, Salma bado yuko tumboni. Aliingia na waridi moja, limefungwa nailoni, kalinunua kwa wale vijana wa kwenye mataa ya Wandegeya. Nikauliza bei. Nikasema, nayasikia sasa kwa sauti yangu mwenyewe: "Elfu tano? Ua? Na mkaa umekwisha tangu jana?" Akacheka vilevile alivyocheka Jumamosi. Kesho yake akaja na gunia zima la mkaa nyuma ya boda, kalishika kwa mikono miwili, shati lote jeusi.

Na kila Februari tangu hapo ameleta kitu. Mchele wa kilo ishirini na tano. Mtungi wa gesi. Mwaka huu jerikeni la mafuta ya kupikia, na nilimwambia asante huku natazama simu.

Nimejaribu kukumbuka lile waridi nililiweka wapi. Kwenye kikombe? Kopo la maziwa? Nilimpa jirani? Nakiona chumba chote, pazia, jiko, ndoo zetu mbili, ua silioni. Jana usiku nilitaka nimuulize yeye, labda anajua, lakini alikuwa ameshalala, na nikaogopa jibu.

Ukuta wa nyuma umeongeza ufa, sasa kidole kinaingia. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa kila alasiri, na mwenye nyumba hapokei simu tangu Jumapili. Watoto wa Wifi wanalala chumba kile cha upande huo.