Kumbukumbu ya mradi: nitrobenzini imekwenda wapi?

Wiki ya 1

Nimeanza. Swali ni moja: maji yenye nitrobenzini kidogo (kemikali yenye sumu ya viwandani, pete ya benzini iliyobeba kundi la nitro) yakichanganywa na unga wa chuma, nitrobenzini inageuka nini, na kwa kasi gani? Njia yenyewe ni ya zamani. Antoine Béchamp alitumia chuma na asidi kuigeuza kuwa anilini, malighafi ya rangi yenye kundi la amino mahali pa nitro, mwaka 1854. Yeye aliitaka anilini. Mimi nayataka maji.

Hamu ilinipata niliposoma habari za mto Songhua, China. Tarehe 13 Novemba 2005 kiwanda cha petrokemikali kililipuka mjini Jilin, tani zipatazo 100 za benzini na jamaa zake zikaingia mtoni, na mji wa Harbin ukafunga maji ya bomba kwa siku kadhaa. Mitambo ya maji ilikinga kwa mkaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vinavyonasa kemikali. Mkaa hufyonza nitrobenzini vizuri, ila hauivunji: sumu inatoka majini inaingia mkaani, na mkaa huo lazima nao uende mahali fulani. Wazo hilo halijaniacha tangu siku ile.

Kimiminika chenyewe hakina mzaha. Kinanukia kama lozi chungu, kinapenya ngozi, na mwilini huigeuza himoglobini ya damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kwa hiyo kile kisichochanganywa na maji nimekishika mara moja tu, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, nikatengeneza mmumunyo wa miligramu 50 kwa lita. Kwa kuwa ni kizito kuliko maji, kilizama chini kwa matone; nikakiacha kikoroge usiku kucha hadi matone yakaisha.

Wiki ya 2

Jaribio la kwanza. Nitrobenzini majini hufyonza sana mwanga wa urujuanimno karibu na nanomita 268, nami nina spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa. Baada ya saa moja na unga wa chuma, usomaji ulishuka chini ya nusu. Nilifurahi mno.

Kesho yake nikapima chupa linganishi, isiyo na chuma. Nayo imeshuka! Si kwa kiasi kile, lakini kwa kiasi cha kutosha kuniharibia hesabu zote. Chupa zangu zilikuwa nusu zimejaa, na vizibo vyake ni vya mpira. Nitrobenzini ilikuwa inapanda kwenye hewa iliyo juu ya maji na kuzama ndani ya mpira. Nimelifuta jaribio hilo daftarini kwa mstari mmoja, namba zikibaki zinasomeka.

Wiki ya 4

Chupa sasa ni za kioo, nazijaza hadi ukingoni pasibaki hewa, na vifuniko vina utando wa tefloni. Chupa linganishi imetulia siku nzima.

Lakini sasa nimeona jambo lililokuwa limejificha. Katika chupa zenye chuma, mkunjo wa usomaji haushuki tu, unasogea pia kuelekea nanomita 280. Hapo ndipo anilini hufyonza mwanga. Nilikuwa napima vitu viwili kwa namba moja, na kila nilipoona nitrobenzini imepungua, sehemu ya kile kilichobaki ilikuwa zao lake.

Dawa yake imenipendeza sana kwa urahisi wake. Kila sampuli, ikishachujwa, naigawa mara mbili. Nusu moja naitia asidi hidrokloriki kidogo, hadi pH (kipimo cha uasidi; ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) ishuke kama 2. Anilini ni besi: katika asidi hiyo nitrojeni yake inapokea protoni, jozi yake ya elektroni inafungwa isiweze tena kushirikiana na pete ya benzini, na ule mkunjo wa 280 unafutika. Nitrobenzini haishtuki. Kinachobaki kinasomeka kwenye 268 ni chake. Nusu ya pili naihifadhi kwa ajili ya kupima anilini.

Wiki ya 5

Kuipima anilini kwa rangi. Sampuli inapoa kwenye barafu, naitia asidi na nitriti ya sodiamu, anilini inageuka chumvi ya daizonia, ambayo huungana kwa urahisi na molekuli nyingine na kutoa rangi. Naondoa nitriti iliyozidi kwa asidi sulfamiki, kisha naongeza kiambata cha jamii ya naftalini, kinachoungana nayo. Rangi ya zambarau inajitokeza taratibu, na kadiri anilini ilivyo nyingi ndivyo inavyokolea. Nimeitazama ikija mara kumi na bado sijaizoea. William Perkin, mwaka 1856, akihangaika na anilini isiyo safi, alipata zambarau yake maarufu. Yangu ni molekuli nyingine kabisa, lakini mzizi ni ule ule.

Sharti ni barafu. Siku niliyochelewa, chumvi ya daizonia ilioza ikatoa mapovu ya nitrojeni na rangi ikaja hafifu.

Wiki ya 6

Sasa naweza kuhesabu molekuli. Mwanzo kulikuwa na milimoli (kipimo cha idadi ya molekuli) 0.41 za nitrobenzini kwa lita. Baada ya saa moja, nitrobenzini iliyobaki ukijumlisha na anilini, napata kama robo tatu ya kiasi hicho. Robo haipo. Baada ya saa nne jumla inapanda, inapita asilimia 90.

Nadhani ninajua robo ile ilikuwa wapi. Nitrobenzini haifiki kwenye anilini kwa mruko mmoja. Inapokea elektroni mbili mbili: kwanza nitrosobenzini, kisha fenilihaidroksilamini, mwisho anilini. Elektroni sita kwa jumla, na protoni sita, na atomu tatu za chuma kwa kila molekuli moja. Wale wa katikati hawaonekani vizuri kwa njia zangu zote mbili. Na hao wana sumu yao, kwa hiyo mtu akisimamisha mtambo mapema kwa kuwa nitrobenzini imepungua, atakuwa anayaachilia maji wakati mbaya kabisa.

Zile protoni sita, zinazochukuliwa kutoka majini, zimenieleza jambo jingine pia. Chupa zangu zilikuwa zikianza kwa kasi na kuchoka. pH ilikuwa inapanda na kutu inafunika chuma. Nimeosha unga kwa asidi nyepesi kabla ya kuutumia na kutia bafa, mmumunyo unaozuia pH isibadilike. Mchoko umepungua sana.

Wiki ya 8

Anilini haiwezi kuwa mwisho, nayo ni sumu. Ila kundi la nitro la nitrobenzini huvuta elektroni kutoka kwenye pete na kuikinga isishambuliwe na vioksidishaji (kemikali zinazopokonya elektroni), wakati kundi la amino la anilini huzisukuma ndani, na pete inakuwa rahisi kuvunjwa. Ndiyo maana naanza na chuma halafu namalizia kwa mmenyuko wa Fenton, yaani chumvi ya chuma na hidrojeni peroksaidi katika pH ya karibu 3.

Jaribio la kwanza usomaji ulipanda badala ya kushuka. Chuma chenye chaji tatu hufyonza urujuanimno kwa nguvu! Sasa nasimamisha mmenyuko kwa salfaiti ya sodiamu, kisha naikamua nitrobenzini iliyosalia kwa heksani, kiyeyusho kisichochanganyika na maji. Chuma kinabaki majini. Ndani ya heksani kilele kinahamia karibu na 252. Nimezirudia kwa heksani sampuli za chuma za wiki ya 6 pia, na zimekubaliana na njia ya asidi.

Chupa sita za awamu ya pili zimejazwa leo, mbili kati yake linganishi. Moja haina peroksaidi, nyingine haina chuma.