Mahali pa Mjinga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni 1 Wakorintho 14:13–19, na tutakaa zaidi kwenye mstari wa 16.

Paulo anauliza: ukibariki kwa roho, yule "aketiye katika mahali pa mjinga" ataitikaje Amina, naye hayajui usemayo? Tumezoea kuusoma mstari huu tukiwa upande wa msemaji, tukipimana nani anene na nani anyamaze. Kundi la misheni likishavuka mpaka, viti hubadilishana. Mjinga wa siku hiyo ni mgeni. Hajui wimbo unaanzia wapi, hajui ni lini watu hupiga magoti, hajui Amina inaitikia nini. Kwa siku zote atakazokuwa ugenini, kazi yake ya kwanza ni kufika mahali ambapo Amina yake inatoka kwa kujua.

Tuchukue Ethiopia. Ni jirani, barabara ya Nairobi hadi Addis Ababa hupita Moyale, na ni jirani anayefanana nasi kiasi cha kutupumbaza.

Mfano ni saa. Waethiopia huzihesabu kama Waswahili: jua likichomoza ndipo hesabu inaanza, na saa tatu asubuhi yao ndiyo saa tatu asubuhi yetu. Ila wao huandika kama wanavyosema. Sisi tunatamka saa tatu huku saa ya mkononi ikionyesha 9:00. Huko saa nyingi zimewekwa zionyeshe 3:00 yenyewe. Basi kiongozi wa kundi anaandika ujumbe kwa Kiingereza kwamba ibada ya pamoja ianze 9:00, mwenyeji anasoma saa tisa, nayo ni alasiri. Wageni wanakaa toka asubuhi katika jengo tupu, wanaanza kunung'unika kwamba watu wa hapa hawajali muda. Andika saa kwa maneno, taja asubuhi au alasiri, kisha umwombe mwenyeji akurudishie kwa simu alichoelewa.

Tarehe zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka wao una miezi 13 na uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Tarehe 1 Meskerem 2018 kwao ilikuwa 11 Septemba 2025 kwetu. Krismasi ni tarehe 7 Januari, na makanisa ya kiinjili huisherehekea siku hiyohiyo pamoja na taifa zima. Pasaka nayo hufuata hesabu ya Mashariki. Mwaka 2024 sisi tulisherehekea 31 Machi, wao 5 Mei. Kundi lililopanga kwenda "kula Pasaka na ndugu" bila kuuliza lingewakuta Waorthodoksi, ambao ndio kundi la dini kubwa kuliko mengine nchini, katikati ya mfungo wa siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai.

Kabla ya kufunga mizigo inafaa kujua unakwenda kuabudu na nani. Italia ilipoivamia nchi hiyo, wamishonari waliokuwa Wolaitta kusini walilazimika kuondoka mwaka 1937, wakiacha waumini waliobatizwa wasiofika hata 100. Waliporejea baada ya vita walikuta maelfu. Chini ya serikali ya kijeshi ya Derg, kati ya 1974 na 1991, makanisa mengi ya kiinjili yalifungwa na watu wakaabudu majumbani kwa sauti ya chini. Gudina Tumsa, katibu mkuu wa kanisa la Mekane Yesus, alitekwa na kuuawa mwaka 1979. Leo kanisa hilo pamoja na KKKT la Tanzania ni makanisa mawili makubwa kuliko yote ya Kilutheri barani Afrika. Hata Biblia ya Kioromo ina historia ya kumnyamazisha mgeni: aliyeongoza kazi ya kuitafsiri, ikachapwa nzima mwaka 1899, ni Onesimos Nesib, Mworomo aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa Massawa na kupewa jina la yule mtumwa wa Filemoni. Aster Ganno, mwanamke aliyepitia utumwa kama yeye, alimsaidia. Mtu akisimama mbele ya kusanyiko la namna hii na kusema "tumewaletea Injili", atakuwa amekosea tangu sentensi ya kwanza.

Tuje kwenye kuimba, maana hapo ndipo kwaya zetu hujikwaa zikiwa na nia njema kabisa. Sisi tumelelewa kwa sauti nne. Wimbo ukianza tu, alto inatafuta mahali pake, teno na besi nazo zinajipanga. Nyimbo nyingi za ibada za Ethiopia zimejengwa juu ya ngazi ya noti tano, na kusanyiko huimba sauti moja, ile ya wimbo wenyewe, kwa mapambo madogo ya kooni. Ukiongeza sauti zako za pembeni kwa mazoea, utaingiza noti ambazo ngazi ile haina, na wimbo utasikika umechacha. Hakuna atakayekwambia, watatabasamu tu. Kwa hiyo imba sauti ileile wanayoimba wenyeji, oktava yako, kwa sauti ndogo, na mara ya kwanza usikilize ubeti mzima kabla ya kufungua mdomo. Vigelegele havihitaji somo, viko palepale. Tena Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari: mtu wa Tanga au Mombasa ataishiwa pumzi siku mbili tatu za mwanzo, hivyo kwaya isipangiwe kuimba siku ileile ya kufika.

Mkiombwa kuimba, wimbo mmoja unatosha. Chagueni wenye kiitikio kifupi, mkalimani aeleze maana yake kwa sentensi mbili kabla hamjaanza. Nyimbo nne mfululizo kwa Kiswahili zinawarudisha wenyeji kwenye kile kiti cha mjinga, ndani ya nyumba yao wenyewe. Hilo ndilo Paulo alilolikataa aliposema heri maneno matano kwa akili zake kuliko kumi elfu kwa lugha.

Mahubiri. Hapa tukae kidogo.

Wakalimani wa kutoka Kiswahili moja kwa moja ni wachache, kwa hiyo mara nyingi utahubiri kwa Kiingereza. Ukipewa dakika 40, za kwako ni 20. Nusu nyingine ni ya mkalimani. Ukiwa mahali ambapo Kiingereza kinageuzwa Kiamhari na Kiamhari kinageuzwa Kioromo, gawa kwa tatu, utabaki na dakika 13. Andaa mahubiri ya dakika 13 basi. Anayeandaa ya 40 hulazimika kukimbia mwishoni, na mwishoni ndipo penye mwito.

Shida ya pili ni kitenzi. Katika Kiamhari na Kioromo kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Wahubiri wetu hupenda kukata sentensi vipande: "Mungu alimtoa..." (kimya) "...Mwanawe wa pekee..." (kimya) "...kwa ajili yako." Mkalimani hawezi kufanya lolote na kipande cha kwanza, maana kitenzi chako kimekuja mapema na chake kinangoja mwisho. Atabuni, au atasimama akutazame, na kusanyiko litaona aibu kwa niaba yake. Mpe sentensi nzima, fupi, yenye wazo moja, kisha nyamaza hadi amalize. Mithali na mafumbo uyaache nyumbani. Kutana naye siku moja kabla, umpe orodha ya mistari yote ili aitafute katika Biblia yake. Zaburi uzihakiki kwa maneno yake: baadhi ya Biblia za Kiamhari hufuata hesabu ya kale ya Kigiriki, ambapo Zaburi yetu ya 23 ni ya 22.

Halafu sikiliza zile Amina. Zikija mara tu baada ya sentensi yako ya Kiingereza, ni za wachache waliosoma. Zikija baada ya mkalimani, ni za kanisa. Mhubiri anayefuata zile za kwanza huanza kuongea na safu mbili za mbele, na waliobaki wanakaa kimya kwa adabu.

Salamu ndiyo shule rahisi ya kuanzia. Mwamini atakwambia "Geta yibarkih" kama u mwanamume, "Geta yibarkish" kama u mwanamke: Bwana akubariki. Jibu lake ni "Amen". Umekwisha kuitikia Amina yako ya kwanza ukijua unachoitikia, na hata ibada haijaanza. Mpe mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko cha huo wa kulia; ni heshima inayoeleweka kote.

Huenda wenyeji wakakupitisha kwenye kanisa la Kiorthodoksi. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia, mwanamke hujifunika shuka jeupe, wanaume na wanawake husimama pande tofauti. Waumini wengi hubaki uani wakiomba, nawe ukibaki nao uani hutakuwa umepungukiwa na kitu. Ushirika wao mtakatifu si wa mgeni, picha haipigwi bila ruhusa, na vipeperushi vya uinjilisti vibaki ndani ya begi. Uhusiano kati ya Waorthodoksi na wale wanaoitwa "Pente", yaani Wakristo wa kiinjili, una makovu ya muda mrefu, na wewe unaondoka baada ya siku kumi huku mwenyeji wako akibaki na majirani zake.

Fedha nazo zina uchungu wake. Sadaka toa kwa birr, kiasi cha kawaida, kapu linapopita. Dola zikionekana kwenye kapu huanzisha maswali ambayo mchungaji atayajibu wiki nzima. Msaada mkubwa zaidi ukabidhiwe mhazini mbele ya wazee, kwa risiti, kamwe usipewe mwanakwaya mmoja pembeni. Na jihadhari na neno "tutawakumbuka" ukiwa mimbarini. Likipita midomo miwili huweza kufika kama ahadi ya kutuma kitu, na kanisa litangoja.

Towashi wa Matendo 8 alikuwa ametoka mbali kwenda Yerusalemu kuabudu. Kushi yake ilikuwa katika nchi tunayoiita Sudan leo, ingawa Waethiopia wamemhesabu kuwa baba yao tangu kale, na hatuna sababu ya kugombana nao. Alikuwa mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia, ana gari na ana chuo mkononi. Filipo alipomuuliza kama anaelewa asomayo, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Cheo hakikumzuia kuketi mahali pa mjinga, akamsihi mwenzake apande aketi naye. Kundi la misheni linalotafuta sala ya kuomba kila asubuhi kabla ya kutoka lina hapo maneno ya kutosha.

Baada ya ibada mtaitwa nyumbani. Mtanawa, mtakula injera, mkate wao mpana wa chachu, kwenye sinia moja kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake. Mwenye nyumba akikuviringishia tonge na kukulisha kwa mkono wake, fungua mdomo upokee. Hilo huitwa gursha, na kulikataa huumiza. Kisha itakuja kahawa, nayo haina haraka: buni hukaangwa mbele yenu, ubani hufukizwa, kahawa huchemshwa ndani ya birika la udongo. Tengeni saa moja na nusu, na dereva aambiwe mapema. Vikombe ni vitatu. Cha kwanza huitwa abol, cha pili tona, cha tatu bereka, neno lilelile tunaloliita baraka. Msinyanyuke kabla yake. Mara nyingi mzee wa nyumba huwaombea wageni kabla hawajaondoka, kwa lugha yake, na huenda mkalimani ameshaenda zake. Sikiliza neno Geta, sikiliza jina la Yesus, sikiliza majina yenu yakitajwa moja moja. Akifika mwisho, itikieni.