Waifai ikigoma kwenye Linux, iulize mashine kwanza

Natengeneza kompyuta hapa Arua, Uganda, na laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu ni mitumba. Mwenyewe anachoshwa na Windows inayojikokota, tunamwekea Ubuntu au Linux Mint, yaani mifumo ya Linux inayochukua nafasi ya Windows, mashine inachangamka. Halafu anaitafuta waifai, haipo. Mtaani anaambiwa Linux haifai, arudishe Windows au anunue kadi ya waifai ya USB. Inaniuma sana kumwona mwanafunzi akitoa pesa za matumizi ya muhula kununua kitu ambacho tayari kimo ndani ya laptopu yake na ni kizima.

Kabla hujapakua chochote, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Mwishoni mwake kuna namba ndani ya mabano, na hiyo ndiyo ya kuishika, kuliko jina lililobandikwa kwenye kifuniko. Ikianza na 8086 kadi ni ya Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek. Chini yake angalia kama kuna "Kernel driver in use". Ukiuona mstari huo, draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi, imeshaishika, basi usihangaike kutafuta draiva nyingine. Usipouona, hapo kweli una kazi ya draiva. Kadi ya USB haitokei hapa. Hiyo itafute kwa lsusb.

Amri ya pili ni rfkill list, inayoonyesha kama waifai imefungwa. Ikisema "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock wifi na mara nyingi mambo yanaisha. Ikisema "Hard blocked: yes", tafuta swichi ubavuni mwa laptopu au kitufe chenye alama ya mnara kwenye kibodi. Usiidharau hatua hii.

Ya tatu:

sudo dmesg | grep -i firmware

Hii inaonyesha kama faimwea imekosekana. Draiva inakaa upande wa kerneli, yaani kiini cha Linux, lakini kadi nyingi zinahitaji pia faimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila mashine inapowaka. Ikikosekana, draiva inaonekana ipo ila kadi haifanyi kitu. Hili limewasumbua sana watu wa Debian, aina nyingine ya Linux, kwa sababu diski zake rasmi hazikubeba faimwea zisizo huru, yaani zenye leseni zilizofungwa, hadi Debian 12 ilipotoka Juni 2023, baada ya waundaji wake kupiga kura mwaka uliotangulia. Kama rafiki yako amekupa flashi ya Debian ya zamani, anza kwa kutafuta mpya.

Sasa, utapakuaje kinachokosekana na waifai yenyewe haipo? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha washa USB tethering kwenye mipangilio. Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya, haihitaji draiva ya waifai hata kidogo. Na simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya ofisini au ya jirani, itaipitisha hiyohiyo bila kugusa bando lako. Hapa Uganda, tangu Julai 2021, kila bando lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo MB zina thamani.

Kadi ya Broadcom kama BCM43142 utaiwekea draiva ya bcmwl-kernel-source kwenye Ubuntu, au broadcom-sta-dkms kwenye Debian. Kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini inayoaminika, imewashwa, Ubuntu itakuomba utunge nywila, kisha ukiwasha upya utakutana na skrini ya buluu. Wengi wanabonyeza kuendelea, na draiva inakataliwa. Chagua Enroll MOK, yaani kuusajili ufunguo wa draiva hiyo, uingize ile nywila.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni laptopu ya mama mmoja wa Koboko anayeuza spea za boda. "Mwanangu," aliniambia, "nikikaa karibu na ruta inashika, nikirudi kaunta inapotea." Fundi mwingine alikuwa ameshamwambia kadi imekufa. lspci ilionyesha 10ec:b723, draiva rtl8723be, kila kitu kiko sawa. Nikafungua kifuniko cha chini: kadi ina vishikio viwili vya antena, waya umechomekwa kimoja tu. Mashine za namna hiyo hutoka kiwandani na antena moja, na maelezo yaliyochomwa ndani ya chipu yanaielekeza draiva kwenye kishikio kitupu. Ni kama kuweka sikioni upande wa simu usio na spika. Dawa yake ni kuiambia draiva, kwa ant_sel, ichague kishikio kingine:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Vipau vikajaa palepale. Kwako ikikataa 2, jaribu 1. Ikikubali, ihifadhi isipotee ukizima mashine:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Mama yule hakulipia kadi mpya, na ruta haikuhamishwa.

Draiva hizi haziji zenyewe. Larry Finger, mwanasayansi mstaafu wa Marekani aliyefariki Juni 2024, alizihudumia za Broadcom na Realtek kwa miaka mingi ndani ya kerneli. Hakuwahi kumwona mama wa Koboko, lakini kazi yake imefika kaunta ile, na mimi namshukuru kwa moyo wote.

Ukiona amri zote tatu za mwanzo hazionyeshi tatizo na waifai bado inagoma, angalia toleo la kerneli kwa uname -r. Draiva ya kadi ya Realtek RTL8821CE, kwa mfano, iliingia kwenye kerneli 5.9 mwaka 2020. Ukiwa na ya zamani kuliko hiyo, sasisha mfumo kwa waya wa simu kabla hujagusa bisibisi.