Andrea, Mtoto wa Kiume

Kwetu Machame mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na jambo hilo halina mjadala. Kwa hiyo mke wangu alipojifungua, Ujerumani, mwaka 2005, jina lilikuwapo hata kabla ya mimba: Andrea, jina la baba yangu, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa sharubu nene.

Ofisi ya usajili, mama mmoja mpole alisoma fomu, akatabasamu, akanipongeza kwa kupata binti.

“Ni wa kiume,” nikasema.

Akaweka kalamu chini. Andrea, akaniambia, ni mwanamke. Akanyoosha kidole kumwonyesha mwenzake wa meza ya pili, ambaye naye alikuwa Andrea, na yule akanipungia mkono. Mwanamume ni Andreas. Kwa nini nisiongeze S tu mwishoni? Nikamtajia mwimbaji Andrea Bocelli, mwanamume. Akajibu kwamba huyo ni Mwitaliano, na Waitaliano wana akina Simone na Nicola wenye ndevu pia, ila hapa si Italia.

Ubishi ukanipanda. Nikamweleza kwamba Ulutheri Machame uliletwa na wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, Wajerumani hasa, na kwamba katika Biblia yetu, Mathayo 4:18, Andrea ni nduguye Petro, anatupa jarife baharini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanirudishia fomu. Utaratibu wa wakati ule ulidai kila mtoto awe na jina linaloonyesha wazi jinsia yake; la kwanza lisipotosha, liongezwe la pili. (Mahakama yao ya Katiba ilikuja kulegeza mambo mwaka 2008, katika shauri la mtoto wa kike aliyeitwa Kiran. Sisi tulishapita.)

Nikapendekeza la pili liwe la Kichagga, Ndesanjo. Akafungua kitabu kinene cha majina ya dunia, akapekua, akapekua tena. Halimo. Mimi nilijua ni la kiume. Kitabu hakikujua, na anayesikilizwa pale ni kitabu.

Nyumbani mke wangu, aliyechoka na asiyetaka hotuba zangu, akasema, “Baba Andrea, mwandike Martin tulale.”

Kesho yake Martin likapita bila swali hata moja. Mama yule akagonga muhuri, akanipongeza upya, safari hii kwa mvulana.

Jioni nikampigia baba simu. Habari ya kwamba jina lake ni la wanawake ilimchekesha kwanza, kisha ikamuudhi.

“Huyo mama hasomi Injili? Andrea alikuwa mvuvi!”

Nikamsomea cheti. Akanyamaza kidogo, akauliza hilo la pili ni la nani katika ukoo.

“La Luther, baba.”

“Haya, huyo namjua. Mtoto ana kilo ngapi?”