Namna tulivyogawana safari na matabishi (bakshishi za wageni) kwa haki

Mbuga ya Virunga ilipofungiwa watalii Mei 2018, kampuni yetu ndogo ya utalii hapa Goma, mashariki ya Kongo, ilikaa bila wageni hadi Februari 2019. Mimi ndiye niliyekuwa napanga safari, na swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: mbuga ikifunguliwa, nani ataitwa kwanza? Zamani patroni, bosi wetu, alikuwa anampigia simu anayemkumbuka, na mara nyingi ni ndugu au mtu wa lugha yake.

Nikamwomba tubandike orodha ya zamu ukutani: waongozaji, madereva, wapishi. Ukisafiri unashuka mwisho. Ukiugua, nafasi yako inakungoja. Patroni alikubali upesi. Aliyepinga ni muongozaji wetu wa siku nyingi, anayejua sana Kiingereza. “Dada, wageni wananiomba mimi. Nikingoja zamu tutawapoteza.” Alisema kweli. Tukapatana aendelee na wageni wa Kiingereza, lakini kila safari awe na mwenzake wa kujifunza, na huyo anayejifunza alipwe siku yake.

Matabishi yalitusumbua zaidi. Kupanda Nyiragongo, mlima wa volkano ndani ya mbuga, kulikuwa ni kutoka Kibati hadi ukingoni mwa shimo lake, karibu mita 3,470, kulala huko kwenye baridi, kisha kushuka kesho yake. Mgeni alikuwa anamkabidhi muongozaji bahasha kwa sababu ndiye aliyeongea naye njia nzima. Mpagazi aliyebeba maji na makaa, mgeni hata jina lake halijui. Wengine walitaka bahasha zifunguliwe ofisini, patroni akiwepo. Nilikataa: wapagazi walikuwa watu wa Kibati, ofisini hawakuwa wakifika. Basi ikawa inafunguliwa na kugawanywa palepale chini ya mlima, mbele ya wote, gari halijawashwa.

Tena, mama mpishi alikuwa analipwa chini ya mpishi mwanaume kwa sufuria zilezile. Nilimpelekea patroni Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002, inayosema kazi ikilingana mshahara ulingane, bila kuangalia asili, jinsia wala umri. Akaisoma mbele yangu, na mwezi uliofuata wakalipwa sawa. Hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Machi 2020 korona ilitufungia tena. Kazi ndogo zilizobaki, za kusafirisha watu wa mashirika mjini, ziligawanywa kwa orodha ileile. Madereva wenyewe ndio walioidai.